Mlango wa Upande wa Damu

Nilimlisha mtoto wa kaka yangu yai moja kila asubuhi kwa siku tisa. Naanza na hilo kwa sababu kila mara ninapoianzia habari hii pengine, nikianza na ukame au na maneno ya watu, hujikuta nimefika mwisho nikiwa mtu mwema.

Nyumba yetu iko Sabaki, ng'ambo ya daraja ukitoka Malindi, penye mashamba ya mahindi na matikiti ambayo mto huyanywesha mwaka huu na kuyazoa mwaka ujao. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na stashahada ya lishe, nikijitolea katika zahanati: kuwapima watoto kwa mizani, kuwazungushia mkononi ule utepe wa rangi tatu, kuwaeleza mama zao maana ya rangi nyekundu. Niliamini, na bado naamini, kwamba hakuna mtoto anayepaswa kufa kwa kukosa kitu ambacho kwingine kinatupwa. Na nyumbani kwetu wenyewe kulikuwa na mtoto wa rangi nyekundu.

Alikuwa msichana wa mwaka mmoja na miezi minane. Tumbo limejaa, mikono na miguu myembamba kama fito, nywele zimepauka na kulegea kama zile za hindi changa. Alipokuwa akinyonya alikuwa mzima. Mambo yaliharibika baada ya kuachishwa ziwa.

Kwetu hali hiyo ina jina, chirwa, na jina lenyewe ni mashtaka. Mtoto akidhoofu namna ile husemwa kuwa mmoja wa wazazi wake ametoka nje ya ndoa mtoto akiwa angali mchanga, na uchafu huo umemwingia. Mmoja wa wazazi, ndivyo isemwavyo. Lakini kaka yangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja huko Bofa, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza alilala wapi siku nyingine zote. Aliyeulizwa ni mkewe, ambaye alishinda na kulala mbele ya macho yetu. Kisimani wanawake walimsalimu vizuri, kisha wakanyamaza mpaka ajaze ndoo yake na kuondoka.

Mama yangu, ambaye mtoto alimwita hawe kama wajukuu wa Kigiriama wanavyomwita nyanya yao, alikuwa amekwisha kwenda kwa mganga. Dawa ilikuwepo: vuo, yaani majani yaliyolowekwa katika beseni, mtoto aogeshwe asubuhi na jioni. Ila dawa hiyo haitashika, alisema mganga, mpaka mama mtu amtaje mwanamume aliyekwenda naye. Wifi yangu alisema hana wa kumtaja. Akaulizwa tena juma lililofuata, akajibu vilevile, na kila alipojibu uso wake ulizidi kuonekana mkaidi kwa watu waliokwisha kuamua kwamba ni mkaidi.

Mimi ndiye niliyeingilia kati. Mwisho wa mwezi, kaka yangu alipokuja, tuliketi uani pamoja na mama na baba yetu mkubwa, ndugu wa marehemu baba, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba yetu. Niliwaambia kwamba mtoto hana dhambi ya mtu mwilini mwake, ana njaa ya protini. Analishwa uji mtupu na sima, basi. Nikawaomba mwezi mmoja.

"Nywele zikirudi kuwa nyeusi na tumbo likashuka," nilisema, "mtajua ni chakula."

"Na zisiporudi?" aliuliza baba mkubwa.

Akajijibu mwenyewe.

"Zisiporudi, atataja."

Wifi alinitazama. Wakati ule nilidhani ananishukuru. Nilikuwa nimeliweka jina lake lote juu ya mwili wa mtoto, na sikuwa nimemwuliza yeye kwanza.

Nilikuwa na hakika kwa sababu nilikuwa nimefundishwa vizuri. Kati ya masomo yote ya chuoni, moja lilinikaa moyoni kuliko mengine. Mwalimu alituambia kwamba protini tunayoila haiingii mwilini ikiwa protini. Tumbo na utumbo huikatakata mpaka zibaki asidi amino, vipande vidogo ambavyo mwili hujengea nyama, damu na nywele. Lakini vipande hivyo haviwezi kupenya tu katika seli. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na asidi amino nyingi hazipiti kwenye mafuta. Kwa hiyo ndani ya utando huo zimesimama protini nyingine, zenye kazi hiyo moja ya uchukuzi: kuipokea asidi amino ya aina fulani upande huu, kujikunja na kubadili umbo, na kuiachilia upande wa pili. Kamwe hazifunguki pande zote mbili kwa pamoja. Nyingine huivuta asidi amino pamoja na sodiamu. Nyingine hubadilishana, moja itoke ndipo nyingine iingie.

Akatuchorea seli ya utumbo. Ina upande unaotazama chakula na upande unaotazama damu, na kila upande una wachukuzi wake. Asidi amino huingia kwa mlango wa kwanza, huvuka seli, hutokea kwa mlango wa pili, na ndipo mtu anaposemekana ameshiba kweli. Nilichora mishale yote ikielekea kwenye damu. Nilipata alama nzuri. Hakuna hata siku moja niliyojiuliza ingekuwaje kama mlango wa pili haupo.

Siku ya kwanza nilimchemshia yai, nikaliponda kwa kijiko na kulichanganya na uji. Alionja, akafumba mdomo. Nikamwimbia, nikampa tena. Akageuza shingo mpaka nikaogopa itavunjika. Watoto waliodhoofu hupoteza hamu ya kula, hilo nalo nilikuwa nimefundishwa, na mlishaji hapaswi kukata tamaa upesi. Nikamwomba wifi amshike mikono. Alimpakata, akaibana ile mikono miwili midogo kifuani mwake, nami nikapitisha kijiko kila mdomo ulipofunguka kulia.

Mchana nilimpa pojo zilizopondwa. Jioni nilimpa sima na unga wa ng'onda, samaki mkavu niliyemtwanga mwenyewe kinuni. Alitapika. Nilisubiri kidogo, nikampa tena.

Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni. Siku ya tatu au ya nne hakuweza kuvumilia.

"Mwache," alisema. "Kinywa cha mtoto hakijui kusema uongo."

Nikamweleza habari ya asidi amino. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ambayo sikuistahili, kisha akasema, "Wewe umesomea mayai. Mimi nimezaa saba. Huyu yai halitaki, maharagwe hayataki, samaki akimnusa tu analia. Mpe tikiti uone."

Ilikuwa kweli kuhusu tikiti. Mtoto yule, ambaye kwa chakula changu alipigana kama mtu anayezamishwa, alikuwa akila tikiti maji mpaka kwenye ile nyama nyeupe iliyo karibu na ganda. Nilimjibu mama kwamba tikiti ni maji na sukari. Nikaliweka juu ya dari ya jiko asilione, lisimharibie nafasi ya chakula cha maana.

Kuanzia siku ya sita aliacha kupigana. Nilifurahi. Alikuwa akimaliza bakuli na kulala, akiamka analala tena, na nilimwambia wifi kwamba hiyo ndiyo shibe, mwili unajijenga usingizini. Wifi alisema usingizi huu haupendi. Anapomwita, alisema, mtoto anageuza macho kwanza upande ambao yeye hayupo. Nikamwambia ana wasiwasi wa maneno ya watu. Tena nilimwambia hivyo kwa upole, nikiwa nimemshika bega.

Asubuhi ya siku ya kumi sikupata nafasi ya kuchemsha yai. Mtoto alisimama mlangoni, akapepesuka kama mlevi, akakaa chini. Mama yake alipomwinua alimwangalia kama anayemwangalia mtu wa njiani. Kufikia adhuhuri hakuamka tena. Tulipanda pikipiki, wifi akiwa katikati na mtoto amemfunga kifuani kwa leso, tukavuka daraja mpaka hospitali ya Malindi, na jioni hiyohiyo gari la wagonjwa likatupeleka Kilifi. Kaka yangu alitukuta huko, akiwa bado amevaa viatu vya mpira vya kazini, na majani ya nyasi yamemkauka magotini.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa maneno machache. Alimgusa mtoto tumbo, akasema ini limevimba. Aliuliza kuhusu homa, malaria, dawa za miti. Kisha akauliza swali ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, sikuwa nimeliuliza.

"Anapenda kula nini? Na nini hataki kabisa?"

Wifi alijibu bila kusita, kama mtu aliyengoja miezi kuulizwa. Hataki yai. Hataki maziwa ya ng'ombe tangu aache ziwa. Hataki pojo, mbaazi, samaki, nyama hata mchuzi wake. Anapenda tikiti, muhogo, uji usiotiwa kitu.

Daktari aliacha kuandika. "Na siku hizi amekula nini?"

Wifi hakunitazama. Alisema tu kwamba wamekuwa wakimpa chakula bora. Alisema "tumekuwa".

Nilifungua daftari langu na kumwonyesha daktari. Nilikuwa nimeandika kila kitu, kila mlo na kiasi chake, kwa sababu nilikusudia kuwaonyesha wazee mwisho wa mwezi. Aliusoma ukurasa wote. Akaagiza mtoto asipewe protini ya aina yoyote, atundikiwe maji ya sukari mshipani, damu yake ipelekwe Mombasa ikapimwe amonia, na mkojo uhifadhiwe upelekwe mbali zaidi, kwa watu wenye mitambo ya kupima asidi amino. Jibu la amonia lilirudi kesho yake. Sumu hiyo ilikuwa imemjaa. Dawa ya kuitoa haikuwepo Kilifi wala Mombasa, na mtoto hakuwa na siku za kuingoja. Alikufa siku ya tatu, mchana, chumba kikiwa na mwanga mwingi na mtu akidondosha masufuria nje dirishani.

Tulimzika nyumbani. Hakuna aliyesema neno mazishini, lakini baada ya siku chache baba mkubwa alimwita kaka yangu na kumwambia kwamba sasa jambo limejionyesha lenyewe. Mwezi ulitolewa, mtoto akalishwa kama mtoto wa tajiri, na bado chirwa imemmaliza. Nyumba itakaswe, na nyumba haitakasiki mpaka jina litajwe. Mayai yangu, ambayo yalikusudiwa kumtetea wifi, ndiyo yaliyokuwa ushahidi dhidi yake.

Kaka yangu hakumpiga wala hakumtukana. Alirudi Bofa. Nadhani hilo lilimwumiza wifi zaidi.

Majibu ya mkojo yalichukua majuma. Daktari alinipigia simu nikaenda Kilifi peke yangu. Alinieleza taratibu, akijua nimesoma. Mtoto alizaliwa na kasoro katika mchukuzi mmoja, yule anayezitoa nje ya seli asidi amino za aina tatu: lisini, arginini na ornithini. Mlango wa upande wa chakula ulikuwa mzima. Uliovunjika ni wa upande wa damu. Chakula kiliingia katika ukuta wa utumbo na kukwama humo, na hata kile kidogo kilichopata kufika kwenye damu kilipotelea katika figo, ambazo nazo hutumia mchukuzi huyohuyo kukirudisha. Ini linahitaji arginini na ornithini ili kuigeuza amonia kuwa kitu kisichodhuru kinachotoka kwa mkojo. Lisipozipata, kila protini anayokula mtoto huacha amonia, na amonia hupanda ubongoni. Ndiyo maana alikuwa mzima akinyonya; maziwa ya mama yana protini kidogo. Ndiyo maana alifanana kabisa na mtoto mwenye njaa. Alikuwa mwenye njaa kweli, na chakula cha kuiondoa kilikuwa sumu.

Kuna asidi amino nyingine, alisema, sitrulini, ambayo hupita kwa mchukuzi tofauti, na wagonjwa wa namna hii hupewa kama dawa ili ini lijitengenezee kilichokosekana. Aliniambia kwamba inapatikana katika tikiti maji. Aliharakisha kuongeza kwamba kiasi kilichomo katika tunda ni kidogo, kisingemponya. Namwamini. Lakini lilikuwa limekaa juu ya dari ya jiko, na niliyeliweka huko ni mimi.

Nilimwuliza kama angekufa hata bila mayai. Alisema pengine homa yoyote kali ingemfikisha palepale, siku moja, kwa sababu hakuna aliyejua. Alisema nisijitwishe yote.

Nilirudi Sabaki na karatasi ile ndani ya daftari, nikakaa siku kadhaa bila kumwambia mtu. Nilijisemea kwamba natafuta maneno rahisi. Nilikuwa natafuta namna ya kuieleza ile kasoro bila kuyataja mayai, na hapakuwa na namna.

Siku ya nne nilimkuta wifi nyuma ya nyumba, akipukuchua mahindi. Baba mkubwa alikuwa anakuja Jumamosi, keshokutwa yake, na kaka yangu pia. Sikuwa hata nimeketi aliposema, macho yakiwa kwenye hindi lake:

"Wifi, nitajie jina la mtu aliyekufa."

Nilimwuliza mtu gani.

"Mwanamume wa hapahapa. Awe amekufa karibuni, baada ya mtoto kuzaliwa. Asiwe na mke wala watoto. Nikimtaja huyo hakuna atakayedhurika."

"Lakini hukufanya."

"Najua sikufanya," alisema. "Nimechoka kujua peke yangu."

Sikumpa jina la mtu. Ningeweza kumwambia ukweli palepale, na sikumwambia. Nilisema tu asitaje yeyote mpaka nizungumze. Hata katika hilo nilimtaka aningoje.

Jumamosi walikaa uani kama mara ya kwanza, mama, baba mkubwa, kaka, na wifi juu ya kinu kilicholazwa, mbali kidogo. Niliomba nianze. Nikachukua kijiti na kuchora seli kwenye mchanga: upande wa chakula huku, upande wa damu kule. Nikachora mlango wa kwanza. Wa pili sikuuchora. Niliwaambia kwamba mtoto alizaliwa hivyo, kabla hajanyonya hata mara moja, kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kukosa.

"Basi kasoro ni ya mama yake," alisema baba mkubwa.

"Ya mama yake na ya baba yake. Kila mmoja ametoa nusu. Mmoja tu akiitoa, mtoto haugui."

Mama yangu alielewa kabla ya wengine. Alisema, kama anayejisemea, kwamba iliyoko kwa mwanawe basi imetoka kwake yeye, au kwa marehemu.

Baba mkubwa alicheka kidogo. "Umesoma mpaka umeuona uchafu wa kwenu," alisema. Kisha akanikazia macho. "Basi tuambie. Kitu alichozaliwa nacho amekaa nacho miezi ishirini. Kilichomwua mwezi ule ni nini?"

Nadhani aliuliza ili kunishinda. Lakini ndilo swali lenyewe.

"Mayai," nilisema. "Na pojo, na ng'onda. Nilivyomlisha mimi. Kinywa chake kilikataa na mama alinikataza, nami sikusikia."

Kaka yangu alisimama, akaenda hadi kwenye ua wa makuti, akabaki huko ametupa mgongo. Mama alijifunika uso kwa leso. Nilimgeukia wifi, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nikimwambia, na nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Ningelipokea kwa nafuu.

Alikuwa akiutazama mchoro.

"Wewe ulishika kijiko tu," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika mikono."

Baadaye akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kila siku mtoto alipolia hakunitazama mimi mwenye kijiko. Alimtazama yeye.

Hakumtaja mtu siku ile. Baba mkubwa alisema jambo liwekwe kando, na nilijua maana yake: hakuliondoa. Mtu anaweza kuamini mlango uliovunjika na kuamini chirwa papo hapo, na kisimani ndivyo wanavyoamini mpaka leo. Juma lililofuata wifi alifunga nguo zake na kurudi kwa wazazi wake, bara, baada ya kumuaga mama kwa kumshika mikono yote miwili. Kaka yangu humfuata huko baadhi ya miezi. Ninapowaona sijui kama nimewapa kitu au nimewanyang'anya. Nimewaeleza kwamba mtoto mwingine anaweza kuzaliwa vilevile, na tangu hapo hawajazaa.

Bado napima watoto zahanati. Bado najua kwamba wengi wao wanahitaji yai, na nasema hivyo, kwa sababu ni kweli.

Asubuhi iliyofuata Jumamosi ile, mama aliamka kufagia uani kama kawaida yake. Nilimtazama kutoka mlangoni. Alipofika kwenye mchoro alisimama, akauzunguka kwa ufagio kwa uangalifu, akauacha. Ulikaa hivyo mpaka jua lilipopanda na kuku wakafunguliwa. Walikuja wakaparura mchanga kutafuta chakula, upande huu na upande ule, mpaka pakawa sawa.